Kuifungia Massey Ferguson 135 pawa stelingi: kazi nzima, kuanzia kingipini hadi presha

Ukimkuta dereva wa trekta la zamani amevua shati saa tatu asubuhi, jua bado halijachoma, usimuulize analima nini. Muulize stelingi yake ikoje. Massey Ferguson 135 ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, na injini yake ya Perkins ya silinda tatu bado inaunguruma katika mashamba mengi ya kwetu. Pawa stelingi ilikuwa kitu cha kuagiza kwa hiari, kwa hiyo matrekta mengi yalitoka bila hiyo. Ukiwa na jembe nyuma unavumilia, maana pua ni nyepesi. Ukifunga loda mbele, ile ndoo ya kubebea mzigo, au ukiingia kwenye tifutifu, inakuwa mieleka.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuifunga mwenyewe, akiwa na welda mzuri na fundi wa lezi (mashine ya kuchonga chuma) karibu. Nimeuandika kwa 135 lakini hesabu zake zinafaa kwa trekta lolote dogo, hata yale ya bustani, ukibadilisha vipimo.

Kwanza, ujue unaumwa nini

Inua ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, kisha shika tairi kwa mkono uligeuze huku na huku. Likigeuka kwa ulaini, uzito unaousikia barabarani ni wa mzigo na pawa stelingi itakusaidia. Likigoma hewani, ugonjwa uko kwenye kingipini, pini ambayo gurudumu hugeukia, na hakuna pampu itakayoutibu. Fungua dragi linki, fimbo inayotoka stelingi boksi kwenda gurudumu, kila upande, ujaribu tena gurudumu moja moja. Bushi zilizokauka na beringi ya kingipini iliyosagika ndizo za kulaumiwa mara nyingi. Piga grisi mpaka ya zamani itoke. Isipotoka, nipo ya grisi imeziba, ing'oe.

Pima upepo pia. Tairi la 6.00-16 linalotakiwa kuwa na psi 28 hivi mara nyingi unalikuta na 12, halafu mtu analalamikia stelingi boksi, yaani sanduku la meno lililo chini ya usukani.

Nalisisitiza hili kwa sababu moja. Stelingi ya mkono ni ngumu, lakini inakusemesha: bolo (kiungo cha gololi mwishoni mwa fimbo) likilegea unalisikia kiganjani kabla halijachomoka. Ukishaweka mafuta katikati, mkono hausikii tena. Silinda itaendelea kusukuma kiungo kilichochoka mpaka siku kitakapoachia. Kwa hiyo bolo zote, bushi na pini ya katikati ya ekseli vibadilishwe kabla ya kununua hata hozi moja. Ambaye hana fedha ya vyote viwili anunue bushi.

Njia mbili, na ninayoichagua

Njia ya kwanza ni kubakiza stelingi boksi na kuongeza silinda ya kusaidia, yenye vali inayosikia mvuto wa dragi linki. Faida yake ni kwamba chuma bado kinaunganisha usukani na magurudumu. Kasoro yake ni kwamba boksi lililokwisha meno linabaki lilivyo, na ulegevu wake unabaki nalo.

Njia ya pili ni kuliondoa boksi kabisa na kuweka obitroli: kifaa kidogo chini ya usukani kinachopima mafuta na kuyapeleka kwenye silinda iliyo kwenye ekseli. Usukani na magurudumu vinabaki vimeunganishwa kwa mafuta tu. Pampu ikifa, obitroli yenyewe hugeuka kuwa pampu ya mkono. Utageuza kwa shida, lakini utageuza. Mimi huchagua hii, kwa sababu maboksi mengi ninayoletewa yana robo mzunguko wa ulegevu, na kulifufua boksi lile ni gharama peke yake.

Usichukue mafuta ya lifti

Kila mteja huuliza: trekta lina haidroliki nyuma, kwa nini ununue pampu nyingine? Pampu ya mfumo wa Ferguson imezama ndani ya mafuta ya nyuma na inaendeshwa na njia ya PTO, ile inayozungusha zana za nyuma. Vali yake iko upande wa kunyonya, maana yake lifti isipohitaji kitu pampu haisukumi. Na ukikanyaga klachi mpaka mwisho pampu husimama. Fikiria unateremka, unakanyaga klachi ubadilishe gia, na usukani unakuwa jiwe. Stelingi inataka pampu yake, inayofuata injini.

Chaguo la nafuu ni pampu ya pawa stelingi ya pikapu kutoka kwa wauza vipuri vilivyotumika. Ina puli yake, beringi yake, na ndani ina vali ya kudhibiti mtiririko na presha. Angalia upande inaozungukia kabla ya kulipa. Chaguo la pili ni pampu ya gia, ngumu na rahisi kukokotoa, ila ina siri moja: shafti yake kwa kawaida haikutengenezwa kuvutwa na mkanda. Ukiivalisha puli moja kwa moja, oili sili itaanza kuvuja, kisha bodi italika upande mmoja. Mpe fundi wa lezi akuchongee nyumba yenye beringi mbili na shafti ya puli, halafu uiunganishe na pampu kwa kapulingi. Siku moja ya kazi inakuokolea pampu.

Hesabu kabla ya kununua

Chukulia uzito kwenye ekseli ya mbele ni kilo 600, yaani nyutoni 6,000 hivi. Msuguano wa tairi kwenye ardhi kavu weka 0.7. Upana wa tairi ni milimita 150, na tairi linagusa ardhi milimita 100 hivi nje ya mstari wa kingipini. Upana uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa 8, jumlisha na 100 mara 100, kisha tafuta kipeuo cha pili: unapata milimita 113. Zidisha 6,000 kwa 0.7 kwa mita 0.113, zinatoka nyutoni-mita 475. Hiyo ndiyo nguvu ya kugeuza magurudumu yote mawili trekta likiwa limesimama. Kama mkono wa kingipini, kile chuma kinachosukumwa ili gurudumu ligeuke, una urefu wa milimita 150, silinda inatakiwa isukume kwa nyutoni 3,200 hivi. Loda ikijaa na uzito wa mbele ukawa maradufu, ni 6,400.

Sasa chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40 na fimbo ya 20. Kwa presha ya baa 80 inasukuma kwa nyutoni 10,000 na kuvuta kwa 7,500, kwa sababu upande wa fimbo eneo ni dogo. Inatosha. Nimeona watu wakifunga ya 50 kwa baa 100 "ili iwe na nguvu". Hiyo inasukuma karibu nyutoni 20,000, na gurudumu likikwama kwenye jiwe, kinachopinda ni mkono wa kingipini.

Kuna punguzo moja la kukumbuka. Gurudumu likikaribia mwisho wa kona, wenzo wa silinda hupungua kwa karibu moja ya tano. Loda ikiwa imejaa na umesimama juu ya saruji, mwisho wa kona stelingi inaweza kusita. Acha trekta lisogee kidogo, itageuka. Usipandishe presha kwa ajili ya hilo.

Urefu wa mwendo wa silinda: kama gurudumu linageuka digrii 38 kila upande kwenye mkono wa milimita 150, fimbo itasafiri milimita 185. Nunua ya 200, ubakiwe na milimita 7 hivi kila mwisho. Vigoto vya ekseli, yaani vizuizi vya mwisho wa kona, ndivyo vigote kwanza, si pistoni ndani ya silinda.

Obitroli huuzwa kwa ujazo wa kila mzunguko. Silinda yetu inameza sentimita za ujazo 251 ikisukuma na 188 ikivuta. Ukiwa na obitroli ya 80, ni mizunguko 3.1 upande mmoja na 2.4 upande wa pili. Ya 63 itakupa 4 na 3. Tofauti hiyo ya pande mbili dereva huizoea kwa siku moja. Asiyeipenda anunue silinda yenye fimbo pande zote mbili. Kwa loda nachagua ya 63, kwa sababu hata injini ikizima ni nyepesi zaidi kwa mkono. Kwa shamba tupu, 80.

Pampu nayo iweze kulisha mzunguko mmoja wa usukani kwa sekunde injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila kuongezwa mafuta. Kwa obitroli ya 80 ni lita 4.8 kwa dakika. Pampu ya gia ya sentimita za ujazo 8, ikizunguka mara 700 kwa dakika, inatoa lita 5 baada ya kuondoa upotevu. Kwenye mizunguko 2,000 inatoa 14, na usukani ukigota inakula karibu nguvu farasi 3. Kwa hiyo mkanda uwe wa maana, usiwe ule mwembamba wa jenereta.

Unaponunua obitroli, taka ya katikati wazi (mafuta hupita na kurudi tangini usukani ukitulia), isiyorudisha mapigo ya barabara kwenye usukani. Kwenye zile za Danfoss hiyo huandikwa ON, na zenye jina OSPC zina vali za presha na za mshtuko ndani yake. OSPB hazina, utalazimika kuzinunua pembeni. Usibebe ya kutoka trekta kubwa kwa sababu tu ni ya bei poa: huenda ni ya mfumo mwingine wa mafuta, na kwa pampu hii haitafanya kazi.

Chini ya ekseli, mahali wengi wanapokosea

Hapa ndipo 135 inapotofautiana na magari. Kwenye ekseli ya kawaida, ile iliyopinda kuelekea nyuma, hakuna taitrodi ya kuunganisha gurudumu na gurudumu. Boksi lina mikono miwili, kushoto na kulia, na kila mkono una dragi linki yake. Kinachofanya magurudumu yaende pamoja ni meno yaliyo ndani ya boksi. Ukiling'oa boksi, kila gurudumu linakwenda kwao. Ingia chini uangalie lako lina ekseli ya aina gani kabla ya kuagiza chochote.

Kwa hiyo tengeneza taitrodi mpya, ya bomba nene, yenye bolo zinazoweza kurekebishwa. Kama una desturi ya kupanua na kufinya magurudumu kufuata mistari ya mahindi, iwe ya bomba ndani ya bomba yenye matundu yanayolingana na ya ekseli, la sivyo kila ukibadilisha upana magurudumu yatatazama pembeni.

Mikono ya kingipini ielekezwe hivi: taitrodi ikiwa nyuma ya ekseli, mistari inayopita katika mikono yote miwili ikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Vuta uzi kutoka kingipini hadi huko, utaona. Hapo gurudumu la ndani litageuka zaidi kuliko la nje, na tairi halitaburuzwa kwenye kona. Mikono yenyewe usiichomelee. Ni chuma cha kufuliwa, na joto la kuchomelea hukifanya kivunjike bila kuaga. Tafuta mikono yenye tundu la ziada, au ichongwe mipya.

Silinda ifungwe kwenye ekseli, siyo kwenye bodi ya trekta. Ekseli hucheza juu na chini kwenye pini yake ya katikati. Silinda iliyofungwa kwenye bodi itageuza magurudumu kila unapopanda tuta. Breketi iwe ya bati la milimita 12, ibane ekseli kwa bolti pande mbili. Kisha, kabla ya kuweka mafuta, chezesha ekseli kwa jeki mpaka mwisho juu na chini, magurudumu yakiwa yamekata kona kila upande. Fimbo isiguse kitu, hozi isivutwe.

Kuvua na kuvalisha

Ondoa betri. Safisha sehemu yote kwa maji na sabuni siku moja kabla, kwa sababu uchafu ni adui wa obitroli kuliko presha. Ng'oa usukani, fungua dashibodi, tenganisha dragi linki, kisha nyanyua boksi. Chini yake, kama kuna mwanya unaoingia kwenye giaboksi, uzibe kwa bati zito na gasketi siku hiyo hiyo.

Kwenye nafasi ya boksi weka stendi ya obitroli. Iwe imara kiasi kwamba dereva akijivuta kwa usukani kupanda trekta isitikisike, maana atajivuta tu. Shafti ya usukani iingie kwenye meno ya obitroli kwa ulaini na isiisukume chini. Ukiona usukani haurudi wenyewe katikati ya ulegevu wake mdogo baada ya kuuachia, shafti inabana.

Pampu ifungwe mbele ya injini, puli zikae mstari mmoja; pima kwa rula ndefu. Tangi la lita 5 au zaidi likae juu ya pampu, na hozi ya kunyonya iwe fupi na nene, ya robo tatu inchi. Kutoka pampu kwenda tundu la obitroli lililoandikwa P tumia hozi ya presha ya inchi 3/8. L na R kwenda silinda, hivyo hivyo. T irudi kwenye tangi kwa hozi ya nusu inchi kupitia filta. Kabla ya kukaza, puliza kila hozi kwa upepo. Vipande vya mpira vilivyobaki baada ya kukatwa ndivyo vinavyoua vifaa vipya. Na tundu likikataa nyuzi za kiungio, usilazimishe. Nyuzi za inchi na za milimita hudanganya kwa mizunguko miwili ya kwanza.

Mafuta: kwa pampu ya gia na joto letu, oili ya haidroliki namba 46 au 68. Kwa pampu ya gari, fuata mafuta yaliyoandikwa kwenye mfuniko wake.

Kuwasha mara ya kwanza

Magurudumu ya mbele yawe hewani. Jaza tangi, legeza kiungio cha pampu mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Vuta stopu injini isiwake, piga stata kwa sekunde chache mara tatu. Sasa washa, sailensa tu, mkono usiwe ndani ya usukani. Narudia: usiwe ndani.

Nina sababu. Obitroli yangu ya kwanza ilikuwa imetumika. Niliifungua nibadilishe oringi, nikairudisha shafti ya ndani ikiwa imeruka jino moja. Nilipowasha, usukani ukaanza kuzunguka wenyewe kama feni, na kipini chake kikanipiga kifundo cha mkono. Wiki mbili sikushika spana. Ukiifungua, weka alama ya kalamu kwenye kila kipande. Na usukani ukizunguka wenyewe zima mara moja, kisha angalia mambo matatu: hozi zimeingia matundu yasiyo yake, shafti inabana, au ndani kumepangwa vibaya.

Ikitulia, geuza polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara kumi hivi, ukiongeza mafuta kwenye tangi. Magurudumu yakienda kulia unapokata kushoto, badilisha hozi za L na R. Mafuta yenye povu jeupe maana yake upande wa kunyonya unaingiza hewa; kaza klipu zake.

Kisha geji. Weka tii (kiungio cha njia tatu) kwenye njia ya P na geji inayofika baa 160 au zaidi, shusha trekta, geuza mpaka vigoto viguse, soma, achia. Usishikilie kwa zaidi ya sekunde chache, mafuta yanachemka. Rekebisha vali ya presha ikae baa 80.

Mtihani wa mwisho ni wa injini kuzima. Kwenye uwanja tambarare, trekta likivutwa taratibu, zima na ujaribu kukata kona. Itakuwa nzito sana, lakini lazima ikate. Ikizunguka bure bila magurudumu kufuata, trekta hilo halitoki gereji. Vali ndogo ya kunyonyea mafuta kutoka njia ya T haishiki. Dereva mwenyewe ndiye afanye mtihani huu, ili siku mkanda ukikatika kwenye mteremko mkono wake ujue cha kutarajia.

Baada ya saa 10 za kazi kaza upya bolti zote za breketi na taitrodi. Baada ya saa 50 badilisha filta, na ukiona unga wa chuma ndani yake, badilisha na mafuta.

Dereva atarudi kulalamika kwamba kipini cha usukani hakikai tena mahali pamoja trekta likienda mbele. Ndivyo ilivyo kwa stelingi ya mafuta, mwambie aendelee na kazi. Lakini akisema usukani unaendelea kuzunguka kwa wepesi magurudumu yakiwa yameshagota, funga geji tena. Presha ikifika 80, sili ya pistoni ya silinda inavujisha kwa ndani. Isipofika, anza na vali, kisha pampu.